Kesho kwa Kiingereza

Mwalimu Teresia Mbonile namwombea dua mpaka leo. Watu wa hapa Tunduma, mpakani na Zambia, wakiniuliza Mwislamu gani huyu anamwombea dua Mkristo, Mnyiha wa Moravian, nawaambia waniache na Mwalimu wangu.

Mwaka tisini na saba nilikuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: kila kipindi cha Kiingereza mmoja anasimama na kusema, kwa wakati ujao, mambo atakayoyafanya yeye mwenyewe, siyo habari za John na Mary wa kitabuni. "I will plant coffee," anasema Gwakisa. "I am going to buy a lorry," anasema Ipyana, darasa zima linaangua kicheko. Ikifika zamu yangu, bubu! Kwetu kesho haitajwi hivi hivi. Ukisema utakwenda Mlowo bila inshallah, mama anakukatisha palepale. Sasa mimi nisimame niseme "I will" kavukavu mbele za watu? Nikapewa sifuri, nikalia.

Mwalimu akaniita, akauliza kulikoni. Nikamweleza huku nikitegemea fimbo.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema. "Anza na inshallah yako, halafu umalize sentensi. Mungu hajakataza mtu kupanga."

Jamani, tangu siku hiyo ulimi ukafunguka.

Basi kaka yangu Abdulrahim akavuka kwenda Lusaka, akanogewa huko huko. Baba, mzee Othmani, akabaki peke yake dukani na matairi yake ya malori. Asubuhi moja akaja shuleni, moja kwa moja mpaka mlangoni pa darasa letu.

"Anajua kuongea na wateja Wazambia, inatosha," akamwambia Mwalimu. "Stumai, kusanya vitu vyako twende. Shule basi."

Mwalimu hakubishana naye.

"Sawa, mzee wangu. Ila leo ni zamu yake kusema. Amalize kwanza."

Uongo mtupu! Zamu ilikuwa ya Ipyana. Nikasimama hivyo hivyo.

"Inshallah, next year I will finish Form Four. Inshallah, I will be a teacher."

Baba akaacha kuchezea funguo zake za duka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia matairi, lakini inshallah aliisikia vizuri sana.

"Umesema nini?"

"Mwakani nitamaliza Kidato cha Nne, baba. Halafu nitakuwa mwalimu."

"Na huwa unasema hivyo siku zote?"

"Kila zamu yangu."

"Mwanangu anamwomba Mungu mbele za watu," akamwambia Mwalimu, "halafu mimi nisimame mlangoni nimzuie? Astaghfirullah." Akageuka, akarudi dukani peke yake, na matairi yale akahangaika nayo peke yake mpaka nilipomaliza shule. Mungu ambariki.

Mwalimu akafuta chaki mikononi.

"Stumai, kaa chini," akasema. "Tunaendelea."

Nikakaa.