Foleni ya Mikanda

Siku tuliyomzika mke wangu, klabu ilicheza mechi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili ujue ni watu gani ninaowazungumzia. Mwenyekiti alikuja msibani amevaa viatu vya kuchezea, akanishika mkono, akasema ratiba ya ligi haikuwa na nafasi nyingine, pole sana Mzee. Kisha akachungulia saa. Na uwanja waliouchezea niliushindilia mimi kwa rola, kabla sijajua kwamba mwenzangu anaondoka.

Mimi ndiye mtunza uwanja. Nakata majani, nashindilia, nachora mistari kwa chokaa. Shule niliacha darasa la tatu, na rola halijawahi kuniuliza kwa nini.

Mke wangu hakuajiriwa na mtu pale. Alikuwa akiniletea chakula, akaona watoto wameng'ang'ania uzio wakitazama wakubwa wanavyocheza kriketi, akaniambia, "Hawa nao waingie."

"Kamati haitakubali."

"Kamati inaamka saa ngapi Jumamosi?"

Basi ikawa hivyo. Jumamosi asubuhi, kabla wakubwa hawajaamka na mning'inio wao wa pombe za Ijumaa, uwanja ukawa wa watoto, wavulana na wasichana. Alichukua pedi chakavu za miguuni, zile zinazokinga mpira usikuvunje ugoko, akazikata, akazipunguza, akazishona upya kwa sindano ya magunia. Watoto wakamwita Mama Mikanda, maana ilikuwa lazima kila mmoja apite kwake afungwe. Mtoto akijifunga ovyo, bizimu, vile vyuma vya mikanda, zinakaa upande wa ndani. Akikimbia zinanasana, anakwenda kifudifudi. Kwa hiyo walipanga foleni mlangoni mwa stoo, naye anawafunga mmoja mmoja, mguu wa kushoto kwanza, kisha kofi dogo la goti: haya, nenda.

Alipoondoka, sikuombwa na mtu kumrithi. Watoto walikuja tu baada ya msiba, wakapanga mstari mlangoni, kila mmoja na pedi zake kwapani. Nikapiga goti.

Sasa nikwambie jambo ambalo kamati haiwezi kulielewa hata ukiichorea kwa chokaa. Mtoto anapoinua mguu afungwe, hukushika bega asianguke. Kuna anayekushika kwa kidole kimoja kama anajaribu uji wa moto, kuna anayekuegemea mzimamzima kama gunia. Nyumbani kwangu kuna kitanda, meza, na redio isiyoshika vizuri. Wiki nzima hakuna mkono unaonigusa. Jumamosi nilikuwa naguswa bega na watoto wote wa mtaa.

Kamati ilikuwa haijui hata watoto wenyewe ni wangapi. Halafu siku moja ikasikia kwamba chama cha kriketi kinatoa alama ya ubora kwa klabu zenye kitengo kizuri cha watoto, na klabu yenye alama inapewa vifaa na kutajwa kwenye mikutano. Hapo ndipo watoto walipopendwa! Zikaja pedi mpya zinazong'aa. Akaja kocha mwenye cheti. Sheria nazo zikaja: mtu mzima asiye na cheti hamgusi mtoto, wala haingii ndani ya kamba ya kuzungushia uwanja wakati wa mazoezi. Na kamba hiyo nani aifunge? Mimi. Nikaambiwa niipitishe mbele ya stoo, yaani stoo ibaki nje, nami nibaki na stoo.

Nikamfuata mwenyekiti.

"Mzee, usilichukulie vibaya," akasema. "Huu ni utaratibu."

"Utaratibu ulikuwa wapi wakati mke wangu anashona?"

"Ndiyo maana tunauboresha. Nenda na wewe kafanye kozi. Unasoma kidogo, mtihani unaufanya kwenye kompyuta, kwisha."

"Hiyo kompyuta itaniuliza kwa mdomo?"

Akacheka sana. Alidhani natania.

Kocha mwenyewe tulikuwa tunamwita Mashoto, kwa sababu hurusha mpira kwa mkono wa kushoto. Ni mmoja wa wasichana wa kwanza kufungwa pedi na mke wangu. Alinifuata stoo siku ya Ijumaa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kukuomba. Mkaguzi wa chama anakuja kesho. Usimguse mtoto, Baba. Hata mmoja."

"Wewe umefungwa mikanda na mama yako mpaka ukampita urefu. Leo mikono ya nyumba hii imekuwa michafu?"

Akainamisha kichwa. "Unadhani naona raha? Tukikosa alama, mwenyekiti ameshasema Jumamosi asubuhi wakubwa watachukua uwanja wafanye mazoezi. Watoto warudi kwenye uzio. Wasichana ndio hata usiseme."

"Huyo mwenyekiti wenu ni mdudu."

"Ndiyo, Baba. Lakini ndiye mwenye funguo."

Nilijifanya natafuta nyundo, na nyundo nilikuwa nimeishika.

Kesho yake mkaguzi alifika, mama mmoja mwenye kofia pana, mpole, hana makuu. Mwenyekiti alikuwa pembeni yake akitabasamu mpaka nikamwonea huruma shavu. Mashoto alikuwa mbali, katikati ya uwanja, akisimamisha vijiti vya kriketi. Watoto wakachukua pedi mpya, na miguu yao ikawaleta ilikozoea kuwaleta. Wakaja kupanga foleni kwenye kamba, mbele ya stoo. Wa mbele alikuwa msichana tunayemwita Kibiriti, kwa udogo wake na hasira zake. Akainua mguu, akanyoosha mkono juu ya kamba kutafuta bega langu.

"Babu, nifunge."

Nilimtazama mwenyekiti. Tabasamu lilikuwa limeganda, macho yamemtoka kama mtu aliyekanyaga msumari. Mkanda mmoja tu, nikawaza. Nimfunge mtoto mkanda mmoja mbele ya huyu mama, na hiyo alama mwenyekiti ataiona kwenye ndoto. Wallahi nilitamani. Kisha akilini nikawaona watoto wamerudi nyuma ya uzio, wakitazama wakubwa. Niliwaona kabisa, kama mke wangu alivyowaona.

Nikarudi nyuma hatua moja. Mkono wa Kibiriti ukabaki hewani.

"Babu, umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia. Leo mnajifunga wenyewe."

"Hatujui!"

"Ndiyo nawaonyesha."

Nikaingia stoo, nikatoka na pedi za mtu mzima, nikageuza ndoo nikaikalia, nikanyoosha mguu wangu. "Kushoto kwanza."

Wote wakashika mguu wa kulia.

"Kushoto, nyie! Huu."

"Si ndiyo huu?" akafoka Kibiriti, akionyesha mguu uliotazamana na wangu. "Wako uko upande huu na wangu uko upande huu. Babu unatuchanganya."

Alisema kweli. Tulikuwa tumetazamana. Kila nilichofanya, wao walikifanya kinyume, kama wako ndani ya kioo. Nikajaribu tena, tukavurugana tena, mmoja akafunga mkanda wake kwenye mguu wa jirani. Hapakuwa na njia nyingine. Nikanyanyuka, nikaigeuza ndoo, nikakaa nikiwapa mgongo, uso kwenye giza la stoo, nikautoa mguu kando waone.

"Sasa fuateni. Wa chini kwanza. Bizimu iwe nje. Vuta, lakini kidole kipite."

Nyuma yangu nikasikia mikanda ikivutwa. Nikasikia, "Nishike, naanguka," na mwingine, "Usinikabe basi, shika bega." Wakacheka. Walikuwa wanashikana wenyewe kwa wenyewe.

"Wa juu. Umekaza? Haya, piga goti kofi."

Yakasikika makofi mengi madogo. Kisha viatu vikakimbia juu ya majani, vikaenda mbali. Hakuna aliyeanguka. Sikugeuka upesi.

Alama tuliipata. Mwenyekiti alihutubia kwenye ngazi za klabu, akasema kamati ilikaa ikabuni mpango wa kuwafundisha watoto kujitegemea. Kamati! Watu wakapiga makofi. Mashoto hakupiga; alinitazama mimi, akauma mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilifungua stoo mapema, nikakaa kwenye ndoo. Watoto waliingia mbio, wakachukua pedi zao, wakakaa kwenye majani mbali na mlango, wakajifunga wakibishana nani mwepesi zaidi. Kibiriti alimaliza wa kwanza, akanipungia gongo lake la kupigia mpira kutoka ng'ambo ya kamba.

"Babu, ona! Mwenyewe!"

"Naona."

Akakimbia. Niliendelea kukaa pale mpaka wakubwa walipofika, kisha nikaenda kung'oa vigingi vya kamba.