Jina Kwenye Ujumbe wa Benki

Ukuta uliotenganisha chumba cha mfumaji na karakana ya kaka yake ulikuwa wa mabati, na mabati hayajui kutunza siri. Upande mmoja mashine ya kufumia ilikwenda na kurudi ikitoa shali, kofia na soksi za vichanga. Upande wa pili msumeno ulikuwa ukila mbao za majeneza. Mteja akipiga simu, mfumaji alikimbilia dirisha kulifunga kwanza, ndipo akasema haloo. Akiulizwa ile ni sauti gani, alijibu kwamba jirani ni seremala wa vitanda. Jirani! Tumbo moja walilala, ziwa moja walinyonya. Lakini biashara ni biashara, alijiambia, na nani atamfunika mwanawe shali iliyotoka ua mmoja na jeneza?

Kaka mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, alijua hayo yote na hakuwahi kuyasemea. Karakana yake aliisajili kwa jina la Safari Njema Majeneza, na watu wakicheka, huwaambia kwamba hajapata mteja aliyerudi kulalamika.

Duka la mfumaji la mtandaoni liliitwa Karibu Mtoto. Picha zake zilipendeza, rangi zake zilikuwa za upole, na kwa muda mrefu halikuuza kitu, kwa sababu halikuweza kupokea kadi. Waliozipenda shali zake wengi walikuwa mbali, na mtu wa mbali akikosa pa kulipia kwa kadi, hufunga ukurasa akaenda zake. Mfumaji akaiomba kampuni moja inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya maduka imfungulie akaunti. Wakamtaka cheti cha usajili, namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki yenye jina la duka. Yeye alikuwa na nyuzi na bidii. Wakamkatalia kwa adabu.

Randa ndiye aliyekuwa na vyote. Walio ng'ambo nao hufiwa huku nyumbani, na aliye mbali hana bega la kubebea. Anachoweza ni kulipia jeneza kwa kadi. Kwa hiyo karakana ile ya vumbi ilikuwa na akaunti ya kadi tangu zamani. Akamwambia mdogo wake aunganishe malipo ya duka lake humo, pesa zikiingia atamkabidhi. Akamwonya jambo moja tu: kabla hajafungua, aazime kadi ya mtu ajinunulie hata soksi, aone mnunuzi anaona nini.

Hakufanya. Aliona kaka yake anajitia ujuzi. Ukurasa wa kulipia ulikuwa na nembo ya duka, rangi za duka na kitufe cha kulipa. Alitaka nini tena? Hakujua kwamba benki ya mnunuzi haina habari na nembo wala rangi. Benki humwandikia mwenye kadi jina moja tu, lile ambalo akaunti ilisajiliwa nalo.

Siku mfumaji alipolijua hilo, Randa alikuwa chumbani kwa mdogo wake akimpigilia rafu ya nyuzi. Simu ikaita, na kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye mashine, mfumaji akaiweka kwenye spika. Alikuwa mama mjamzito aliyetoka kuagiza shali nyeupe. Hakugomba. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba mimba zilishamtoka, kwamba hii imefika miezi ya mwisho, na kwamba shali ile ndiyo kitu cha kwanza alichothubutu kumnunulia mtoto. Alipolipa tu, benki ikamtumia ujumbe.

"Ujumbe unasema nimelipa Safari Njema Majeneza," alisema. "Dada, niambie ukweli. Hao ni akina nani?"

Nyundo ikanyamaza. Jibu la kweli halikuwa refu: ni kaka yangu, alinisaidia, nisamehe sikuangalia.

"Siwajui, mama," mfumaji akasema. "Mimi na watu wa majeneza wapi na wapi? Hayo ni makosa ya benki."

Randa alikuwa na misumari mdomoni. Hakugeuka. Alitoa mmoja akaupigilia, akatoa mwingine, mpaka rafu ikaisha. Akaitikisa kuona kama imeshika, akachukua nyundo yake, akatoka. Uso umeumbwa na haya, na wa mfumaji uliwaka hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kumwita, lakini angemwambia nini? Kwamba lilimponyoka? Halikumponyoka. Kila alipofunga dirisha alikuwa akilisema neno lilelile.

Mama yule aliyapinga malipo kwenye benki yake, akarudishiwa pesa, na kampuni ikazikata pesa hizo kwenye akaunti ya Randa pamoja na faini. Randa hakudai kitu. Baada ya siku chache alipita mlangoni na kueleza, kama anayeeleza habari za mvua, kwamba ameongea na watu wa kadi. Akaunti ni moja, na jina la kuonekana benki haliwezi kuwa mawili, basi amewaambia waweke Karibu Mtoto, na namba ya kuulizia waweke ya dada yake.

"Na wateja wako?" mfumaji aliuliza.

"Wangu hawasomi meseji siku hiyo, mdogo wangu. Wana mengine."

Mfumaji alishukuru na, aibu iliyoje, alifurahi. Akamwandikia yule mama kwamba benki imerekebisha kosa lake, na mama akaagiza tena. Mwongo akipata bahati huiita akili.

Kisha asubuhi moja ikaingia simu kutoka ng'ambo. Alikuwa mwanaume, na alianza kwa kuomba radhi kwa kusumbua. Binti yake mdogo amefariki huku nyumbani kwa bibi yake, na yeye hatapata ndege ya kuwahi mazishi. Ameagiza jeneza, akalilipia kwa kadi, na benki imemwandikia.

"Imeandika Karibu Mtoto," alisema. "Nimeusoma mara nyingi. Nataka kujua tu kama nimekosea mahali, au kuna mtu ananifanyia mzaha."

Mfumaji akakaa kwenye marobota ya nyuzi. Kumbe wanasoma. Siku ile ndiyo husoma kila neno. Na mkono uliomwandikia baba huyu maneno yale haukuwa wa benki wala wa Randa. Makosa ya benki: jibu lilikuwa tayari ulimini, lilishamfaa mara mbili.

"Pole sana, baba," alisema. "Hukukosea, na si mzaha. Hilo ni jina la duka langu, nauza nguo za vichanga. Fundi wa jeneza ni kaka yangu. Niliona haya watu wakijua, naye akaondoa jina lake ili mimi nisiumbuke. Kosa ni langu."

Mfumaji alingoja matusi, na aliyataka.

"Huyo kaka yako ni mtu wa namna gani?" mwanaume aliuliza. "Ndiye atakayemlaza mwanangu."

Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo, na yeye ndiye aliyehakikisha hivyo. Akamwambia kwamba jeneza la mtoto kaka yake hulifanya taratibu kuliko yote, na ndani hupapiga msasa kwa mkono, ingawa patafunikwa kitambaa. Siku hizo hali cha mchana wala hatanii mtu. Alikuwa ameyaona hayo miaka yote, na alikuwa akilia kabla hajayamaliza. Baba yule akasema basi amfikishie asante.

Alimkuta Randa ameinama juu ya mbao fupi. Akafikisha asante, kisha akamwomba arudishe jina lake. Hakuweza kumtazama, alimnyooshea simu asome alichokiandika juu ya kitufe cha kulipa cha duka lake: ujumbe wa benki utataja Safari Njema Majeneza, karakana ya kaka yangu.

Randa alijifuta vumbi mikononi, akasoma polepole.

"Hapo pa kaka yangu si lazima," alisema. "Karakana inatosha. Wataogopa bure."

"Waache waogope," mfumaji alisema. "Usipafute."