Kauli ya Mjane

Karani wa mochwari alivuta droo mpaka katikati tu, akainama kusoma kikaratasi kilichofungwa kwenye kidole gumba cha mguu.

"Chris," akasema, kisha akataja ukoo ambao Mayasa aliwahi kuusikia mara mbili tatu maishani, na kila mara kwa kicheko.

"Ndiye," Mayasa akajibu. "Lakini siye Chris. Huyu ni Abdulrahman. Mume wangu."

Karani hakubisha. Aliyazoea haya. "Mama, mimi natoa maiti aliyeandikwa kwenye karatasi. Niletee barua ya konsuli wenu iseme Chris na huyo mwingine ni mtu mmoja. Isipofika kabla ya Ijumaa, anapanda gari la wasio na wenyewe."

"Linawapeleka wapi?"

"Makaburi ya manispaa. Watatu watatu, shimo moja. Majina hayawekwi, wanawekewa namba." Akaisukuma droo kwa goti. "Sharp? Tumeelewana?"

Mgongoni mwa Mayasa, mwanawe Ummi, mwenye miezi saba, alikuwa anavuta ushungi wa mama yake na kuichekea taa ya dari.

Jina la Chris lilipatikana kwenye foleni ya waomba ukimbizi. Miaka sita iliyopita, Abdulrahman alipoingia Johannesburg kutoka pwani, wenzake walimwonya asijitie wazimu wa kutaja kwao. Kwao hakuna vita, na asiye na vita hapewi karatasi ya ukimbizi. Basi akaazima vita vya watu. Akakariri mto wa nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, akakariri soko lake na jina la kamanda aliyechoma vijiji, akaulizwa, akajibu bila kugugumia, akagongewa muhuri. Nusu ya wanaume wa mtaa wao wa La Rochelle walikuwa na vita vya kuazima. Nyumbani usiku walitaniana navyo: we Chris, kamanda anakusalimu! Hakuna aliyekaa akawaza kwamba karatasi unayoishi nayo ndiyo utakayofia nayo. Konsuli wa nchi ile ya vita alikwishajibu kwa simu, kwa neno moja. Hatumjui.

Alibaki konsuli wa kwao.

Ofisi yake ilikuwa Kensington, nyumba ya ghorofa moja yenye bendera na mbwa. Mayasa alikwenda Jumanne asubuhi na Bakiri, aliyekuwa anashona meza moja na marehemu kwenye baraza la duka, na ambaye siku za misiba ndiye mwosha maiti wa msikiti. Ilikuwa desturi ya ofisi ile: asiye na pasipoti huletwa na mtu wa kwao, na mtu huyo huapa.

Waliketi kwenye benchi tangu saa tatu. Saa saba wakaitwa.

Konsuli Othmani alikuwa anakula kuku wa kukaanga kwenye boksi, juu ya meza ileile yenye mafaili. Hakusimama. Aliwaonyesha kiti kimoja kwa paja la kuku. Bakiri akabaki amesimama.

"Haya. Huyo marehemu mnasema ni mtu wa kwetu. Msikiti wa Ijumaa una milango mingapi?"

"Mitatu, mheshimiwa," Bakiri akasema. "Wa nyuma haufunguki."

Konsuli akacheka mpaka kipande cha nyama kikamtoka mdomoni, kikatua kwenye ombi la Mayasa. Alikiokota, akakirudisha. Doa la mafuta likatambaa juu ya jina la Abdulrahman. "Wallahi huyu wetu! Mlango ule mbovu tangu mimi niko chuoni. Carmel, andika: ametambulika."

Carmel, katibu wake, akaandika bila kuinua macho. Mayasa akahisi pumzi, ya kwanza tangu Jumamosi, inashuka mpaka tumboni.

"Sasa, binti. Kafaje?"

"Walimtoa kwenye cherehani, saa nne asubuhi. Waliokuwa wanaandamana, wanaimba wageni waondoke. Mtu mmoja kwenye spaza, kile kiduka cha mbele, akanyoosha kidole. Wakamburuta mpaka kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani. Walikuwa na mapanga na—"

"Basi, basi." Konsuli akaweka mfupa chini. Alikuwa na kijiti cha meno, akaanza kuchokonoa gego taratibu, kiganja kimekinga mdomo kwa adabu. "Eish. Umenikalia pabaya, binti. Jumatatu waziri anatua hapa na wafanyabiashara ishirini. Mwaka mzima nimekuwa nawaambia hawa wenyeji sisi ni ndugu, nawaambia wa nyumbani huku kuna amani, leteni mitaji. Leo nipeleke faili la raia aliyekatwakatwa kwenye robot? Wataniuliza: konsuli, umepeleka malalamiko? Nikipeleka, chakula cha jioni na waziri wao kinakufa. Nisipopeleka, nimelala kazini. Unaona?"

"Mheshimiwa, mimi nataka kumzika tu."

"Ndiyo maana nakupenda. Carmel, lete ile."

Carmel akafungua saraka ya chini akatoa karatasi moja. Juu iliandikwa KAULI YA MJANE. Mayasa aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. *Mimi niliyetaja jina langu hapa chini nathibitisha kwamba mume wangu, raia mwema, alifariki kwa ajali baada ya kuteleza kwenye ngazi za makazi yake.*

"Sisi tunakaa chumba cha uani, mheshimiwa. Hakuna ngazi."

"Sasa zipo."

Bakiri akakohoa. "Mheshimiwa, watu mtaa mzima waliona. Polisi wamefungua kesi."

"Wewe shahidi wa mlango au wa nini?" Konsuli hakupandisha sauti. "Na wewe mwenyewe karatasi yako inasemaje, Bakiri? Una vita gani? Tusichimbuane." Akamgeukia Mayasa, na sasa akalainika kabisa, kama mjomba. "Sikiliza, mwanangu. Huyo huko kwenye droo ni Chris. Chris hana dua, hana mwosha, hana kibla. Kalamu yangu peke yake ndiyo inaweza kumrudisha kuwa Abdulrahman. Mimi nikupe jina, wewe unipe sababu. Nani kati yetu amedhulumiwa?"

Ummi akaanza kulia. Ziwa la Mayasa likaitika, maziwa yakalowesha gauni, naye akalifunika kwa ushungi.

"Mtulize huyo, nina wageni saa nane."

Ndipo Mayasa alipotazama tena ile karatasi na kuona kitu alichokipita mwanzo. Maneno yote yalikuwa yamechapwa zamani, wino umepauka, hata mkunjo wa karatasi umefifia. Ngazi zilikuwa zimechapwa. Kilichoachwa wazi ni jina la mjane, jina la mume na tarehe.

"Wengine walisaini?" akauliza.

Carmel akainua macho kwa mara ya kwanza, akayashusha.

"Wenye akili walisaini," konsuli akasema, akampa kalamu.

Kalamu ilikuwa inateleza kwa mafuta ya kuku. Ilimbidi aishike kwa ngumi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza, konsuli aligonga muhuri kwenye barua ya mochwari mara mbili, akaipuliza wino ukauke, akaahidi kuleta shada la maua.

Alhamisi mchana walimlaza Abdulrahman kwenye meza ya kuoshea nyuma ya msikiti. Mke ana haki ya kumwosha mumewe, na Mayasa aliidai haki hiyo, Ummi akamwacha kwa jirani. Bakiri alimwelekeza bila maneno mengi: huku kwanza, shemeji, upande wa kulia. Maji ya vuguvugu. Mshono wa daktari wa serikali ulitoka kooni mpaka kinenani, lakini majeraha mengine hakuna aliyeyashona. Moja begani. Moja kwenye mkono alioukinga. Moja nyuma ya shingo, refu, ambalo kila walipomgeuza lilifunguka na kutoa maji mekundu, na sanda ilikuwa inasubiri mwili mkavu.

Simu ikaita kwenye mfuko wa gauni. Ikaita tena. Bakiri alikuwa amemlaza marehemu ubavu, amemkumbatia kwa mkono mmoja kifuani. "Pokea," akasema, "isije ikawa mtoto."

Haikuwa mtoto. Ilikuwa ni sajenti wa kituo cha polisi, mwanamke, sauti yake imejaa haraka. "Mama Mayasa? Tumewakamata. Watatu. Mmoja bado alikuwa na viatu vya mumeo."

Mayasa aliitazama miguu mitupu ya mumewe.

"Lakini mama, nina barua hapa kutoka kwa konsuli wenu, ina saini yako. Inasema alianguka nyumbani. Wakili wao anayo tayari, sijui kaipata wapi. Kesho asubuhi hakimu ataniuliza mimi. Nimwambie nini? Saini ni yako au siyo yako?"

Alibana simu kwa bega. Akachukua pamba, akaisukuma ndani ya jeraha la shingo kwa vidole viwili, akashikilia.

"Mama? Upo? Ukisema siyo yako, unaidanganya mahakama, na hilo ni kosa lako. Ukisema ni yako, natakiwa niwaachie."

"Shemeji," Bakiri akanong'ona, "mkono unachoka."

Pamba ilipanda rangi taratibu, kuanzia chini. Aliitoa, akachukua nyingine.