Nani Alifua Nguo za Mapinduzi?

Metrine alianza kukichukia kile kitabu ukurasa wa tisa, na kama si Ivy angekiacha papo hapo. Lakini Ivy alikuwa amemwambia akisome hadi mwisho, na neno la Ivy kwa Metrine lilikuwa na uzito, hata pale Ivy alipokosea. Na Ivy kukosea halikuwa jambo la ajabu.

Hawa wawili walijuana Nairobi, kwenye chuo cha ajenti, pale wasichana wanapofundishwa kupiga pasi kanzu za Waarabu na kupika wali wa kabsa kabla ya kupandishwa ndege. Walipewa kitanda kimoja cha ghorofa, Metrine wa Kitale juu, Ivy wa Nakuru chini. Wenzao walilia kwa kuogopa safari. Hawa walicheka mpaka matroni akawatenganisha, na walipotenganishwa ndipo kila mmoja alipojua kwamba ule haukuwa urafiki wa kawaida. Hawakusema kitu. Nani angesema, na kwa mdomo gani? Walisafiri pamoja hadi Riyadh, Ivy akaunganishiwa ndege ya Jeddah, na tangu siku ile ikawa ni simu tu, karibu miaka miwili.

Sasa sikia. Mkataba ulipobakiza miezi mitatu, Metrine alikuwa darini anaanika shuka, akajikaza akarekodi sauti. "Ivy, tukimaliza turudi pamoja. Tupange nyumba Kitale, mimi na wewe. Sio kama marafiki. Unajua ninachomaanisha." Akaituma kabla hajajuta, kisha akajuta.

Ivy alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akatuma picha ya kava la kitabu cha Kiingereza na maneno machache: "Ni cha binti wa hapa, yuko ng'ambo anasoma. Nitakutumia kurasa. Kisome hadi mwisho. Jibu langu ndilo hilo."

Jameni! Mtu anakuuliza swali la moyo, wewe unampa kazi ya kusoma. Lakini Metrine alimwelewa. Nyumba ile ya Jeddah ilikuwa na wajukuu waliochezea simu ya Ivy kila walipoikuta mezani, na kuna maneno ambayo ukiyaweka kwenye simu yanaweza kukurudia kupitia mdomo wa kafili, yule mwajiri anayeshika karatasi zako. Kitabu ni kitabu tu. Basi kila asubuhi, akipanguza vumbi chumba cha binti, Ivy alipiga picha kurasa nne au tano akazituma Riyadh.

Kitabu kiliitwa *Nyuzijoto Sitini*. Kilikuwa hadithi ya miaka ijayo. Bahari imekula miji, mvua imegoma, na nchi inatawaliwa na wanaume wanaoitwa Mabwana. Mabwana wanashika vyeti vya wanawake wote. Mwanamke hatoki mlangoni bila ruhusa. Joto linapasua midomo na ndege wanaanguka kutoka angani.

Metrine aliyasoma hayo simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikapu cha vibanio vya nguo, jua la Riyadh likiwa nyuzi arobaini na saba, na pasipoti yake ikiwa ndani ya droo ya madam, chini ya kofia za kuogea. Alisoma kurasa hamsini akingoja sehemu ya kutisha ianze. Mwishowe akamrekodia Ivy sauti. "Huyu mwandishi wako anasema dunia imeisha. Kwangu mimi hii ni Jumanne."

Ivy akamrudishia kicheko kitupu, bila neno. Metrine alikisikiliza mara sita.

Hata hivyo tusimnyime mwandishi haki yake. Kulikuwa na ukurasa wa sitini. Hapo msichana mmoja, Zarika, aliyetoroka Mabwana, anamkausha nywele mwenzake Amondi kwa upande wa gauni lake, polepole, huku wakibishana kuhusu maji. Ni hayo tu. Lakini Metrine ilibidi ageuze ndoo aikalie. Tangu azaliwe alikuwa hajaona wanawake wawili wakipendana ndani ya kitabu kilichochapishwa, bila mtu wa kuwaombea pepo watoke. Aliusoma ukurasa huo mpaka shuka zikakauka. Kama jibu la Ivy ni hili, alijiambia, mimi nimeshafika.

Baada ya hapo kitabu kikaharibika. Zarika na Amondi walifika kwenye ngome ya wanawake pekee, na wanawake wale walikuwa na kazi moja tu, mikutano. Walikutana asubuhi wakazungumzia uhuru, wakakutana jioni wakazungumzia mkutano wa asubuhi. Metrine hakuwa na ugomvi na uhuru. Alichotaka kujua ni nani alipika. Wanawake mia tatu ndani ya ngome moja, miezi minane, mavazi meupe, na hakuna mahali popote panapotajwa sabuni! Ukurasa wa mia moja na arobaini ndipo aliposoma sentensi moja: wasaidizi wakaleta chai.

"Wasaidizi wepi?" alimfokea Ivy kwenye simu. "Walitoka wapi? Wanaitwa nani? Hawa watu wamepindua dunia nzima na bado kuna mtu anawaletea chai hana jina!"

"Wacha hasira, soma," Ivy akamjibu. "Soma hadi mwisho."

Akasoma. Mwezi wa saba shule zilifungwa, na bosi, yule waliyemwita baba, akaamua familia iende Jeddah kupunga upepo wa bahari. Metrine alikuwa ameliombea jambo hilo, kwa sababu kila Alhamisi baada ya Alasiri, Ivy alimsukuma bibi wa nyumba yake kwenye kiti cha magurudumu hadi Balad, mji wa kale wa Jeddah, kununua udi. Metrine akajitia kumwambia madam kwamba amesikia udi wa Balad hauna mfano. Madam, ambaye pua yake ilipenda vitu vizuri, akasema Alhamisi wataenda.

Safari ni ya kutwa nzima kwa gari. Metrine aliketi nyuma na watoto, mdogo amelala mapajani pake, na picha za mwisho za Ivy zikaingia walipopita Taif. Akazisoma barabara ikiteremka kwenye miamba. Ngome imekauka. Zarika na Amondi wanaondoka kutafuta chemchemi iliyo juu ya mlima, ambako wanasema watajenga nyumba yao. Metrine akashika simu kwa mikono miwili. Wakapanda siku tatu. Wakaiona chemchemi kwa mbali. Na hapo Amondi akaanguka, akafa kwa jua, mistari minne. Zarika akarudi ngomeni akatoa hotuba ya kurasa kumi na moja.

Kitabu kikaisha.

Metrine alitazama nje asione kitu. Hasira ilikuja kwanza, kisha uchungu, na uchungu ule ulikuwa na jina. Jibu langu ndilo hilo. Kumbe Ivy alikuwa anamwambia haiwezekani, tena kwa adabu, kwa kurasa mia mbili na hamsini. Mmoja afe njiani, mwingine aendelee na maisha yake. Alilia bila sauti ili asimwamshe mtoto.

Madam akageuka kutoka kiti cha mbele. "Metrine, mkataba. Miaka miwili tena? Baba anataka kujua."

Alikuwa ameulizwa mara tatu Riyadh, na mara tatu alisema anafikiria. Sasa kulikuwa na nini cha kufikiria?

"Tamam, madam," akasema, yaani sawa.

Alhamisi walifika Balad jua likiwa bado kali. Madam aliingia duka la udi lenye mlango mwembamba, na kweli, mle ndani kulikuwa na bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu, ananusa kipande cha mti na kumtukana mwenye duka kwa upendo. Nyuma ya kiti alisimama Ivy. Alikuwa amekonda. Lile pengo la meno ya mbele lilikuwa palepale, na Metrine alipoliona alisahau kwamba amekasirika, kisha akakumbuka.

Madam akaanza kupatana bei. Wale wawili wakasimama ukutani bega kwa bega wakiwa na mifuko, kama wanavyosimama wafanyakazi wote wakingoja, na hakuna aliyewatazama. Wakaongea kwa Kiswahili, macho mbele.

"Mbona umeninunia?" Ivy akanong'ona. "Nimengoja miaka miwili nione hiyo sura, unaniletea ya matanga."

"Nimesoma mwisho."

Ivy akakaza mikono kwenye mifuko yake. Sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Enhe? Walifika?"

Metrine akamgeukia waziwazi, liwalo na liwe. "Wewe hujui?"

"Nitajuaje? Mimi niko sura ya tano. Kiingereza chake kigumu kama githeri haijaiva. Napiga picha mbiombio kabla binti hajarudi likizo, kusoma ni baadaye. Lakini nyuma ya kava wameandika: penzi la wanawake wawili ambalo hata mwisho wa dunia haukuliweza. Nikaona, ala, hilo ndilo ninataka kumwambia Metrine, na mimi sina maneno mazuri hivyo." Akaongeza: "Kila siku najiambia nisiharakishe, nitayakuta. Niambie basi. Walifika?"

Metrine alifungua mdomo. Ndani yake kulikuwa na Amondi aliyekufa na ile tamam ya njiani, na hakujua kipi kitoke kwanza. Aliona aibu, akaona furaha, akataka kumkamata Ivy mabega amtingishe kwa kuamini kava.

"Yalla, Metrine!" Madam alikuwa amelipa. Akamwekea boksi la udi mikononi. Ivy naye aliitwa ageuze kiti. Walipopishana kwenye ule mlango mwembamba kidole cha mwisho cha Ivy kilishika cha Metrine, kikakishikilia, kikaachia.

Asubuhi ya Ijumaa baba alikuwa mezani na kompyuta yake, akijaza mkataba mpya kabla ya kwenda msikitini. Metrine alikuwa anakunja nguo za watoto. Simu yake ikalia. Ujumbe wa serikali, namba sita. Bila namba hizo mkataba haufungwi, na ni yeye tu mwenye kuzitamka.

"Metrine! Namba?"

Aliziangalia. Namba sita kwa miaka miwili. Akamfikiria Amondi, aliyeuawa bure ili mwenzake apate kuhutubu, na akamfikiria Ivy akiuliza walifika kama mtu anayeuliza habari za ndugu zake.

"Mafi, baba. Hakuna."

"Haijaingia?"

"Imeingia. Sitoi. Halas. Mkataba ukiisha naenda nyumbani."

Baba akainua uso. Madam akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Juzi ulisema tamam!"

"Juzi nilikuwa na hasira, madam. Nisamehe."

Madam hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alivuta kiti akaketi, akauangalia ule mrundo wa nguo za watoto, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka tangu zamani. "Na mimi nitafanyaje?" akauliza. "Nani atanisaidia na hawa watoto?"

Metrine alimhurumia, kwa kuwa madam hakuwa mtu mbaya, na yule mdogo alikuwa amejifunza kutembea akimshika yeye kidole. "Sijui, madam," alisema, na huo ndio ulikuwa ukweli. Muda wa namba ukapita. Baba akafunga kompyuta, akachukua tasbihi yake, akatoka kwenda msikitini.

Metrine alienda kwenye kibaraza cha kuanikia, akafunga mlango, akarekodi.

"Ivy. Kwenye kitabu hawakufika. Amondi amekufa kwa jua wakiwa wanaiona chemchemi, na yule mwingine amehutubu. Kava limekudanganya. Nilidhani umenikataa nikakubali miaka miwili, na leo nimeikataa. Narudi mwezi wa tisa. Sasa nijibu kwa mdomo wako, usinitumie kitabu kingine. Nakuomba."

Nguo zilikauka, akazianua, akaanika nyingine. Adhana ya Alasiri iliposikika ndipo simu ilipotetemeka. Ivy alikuwa ananong'ona, na nyuma yake maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, amejifungia bafuni.

"Wamemuua Amondi? Haki hao watu hawana utu." Kisha akaongeza: "Metrine, naogopa. Huko nyumbani watu watasema. Kanisani, kwenye ploti, kila mahali."

"Watasema," Metrine akajibu.

Nukta zikatokea kwenye kioo, zikapotea, zikatokea tena.

"Hiyo nyumba ya Kitale," Ivy akasema, na sasa kile kicheko chake kilikuwa kinachungulia ndani ya sauti, "mimi na wewe tumetoka kazi, tumechoka. Nani atafua?"

Metrine alikalia ndoo. Alicheka huku machozi yanamtoka, mkono umeziba mdomo, nguo za watu zikimpiga usoni kwa upepo wa bahari.

"Kwa zamu," akasema.