Kichwa cha Kondoo Mezani kwa Mama Gazala

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilitapika kwenye sinki la mama mkwe, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeniamini tena kuhusu harufu.

Mimi nimelelewa na Wayahudi waliotoka Poland. Kwetu Mwaka Mpya ni samaki wa kusaga aliyetiwa sukari, supu ya kuku na karoti. Kisha nikaolewa na Rahmin, ambaye wazazi wake ni Wayahudi wa Tripoli, Libya, na kwao mwaka hauanzi mpaka kichwa cha kondoo kiwe mezani. Si cha samaki, kama wafanyavyo majirani wengine. Cha kondoo, chenye meno na ulimi, na pembeni yake bakuli la mapafu yaliyokatwakatwa. Mwaka huo wa kwanza mama mkwe, Mama Gazala, alinipa kichwa kilichopasuliwa, akaniambia nitoe ubongo, niuvue utando wenye mishipa, niuloweke, kisha niutie chumvi damu itoke. Niliingiza vidole. Ulikuwa wa baridi, unateleza, ukaniganda chini ya kucha. Kwenye meno ya yule mnyama kulikuwa bado na majani aliyokuwa akitafuna. Basi nikatapika, na kwenye sinki kulikuwa na kunde zinachujwa.

Wifi yangu Fortuna, dada mkubwa wa Rahmin, ndiye aliyenibandika jina. "Pua ya Poland." Hakuolewa, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kukumbuka aibu za watu. Kila mwaka mezani alisimulia zile kunde upya, na kila mwaka matapishi yangu yaliongezeka. Mama Gazala alicheka hadi akajifuta machozi. Nami nilicheka, maana ungefanya nini?

Mwaka wa kumi na mbili, asubuhi ya kuamkia sikukuu, nilifika kwa Mama Gazala mjini Netanya mapema na binti yangu Tehila, ambaye alikuwa na miaka tisa. Joto la Septemba lilikuwa limeshajaa ngazini. Mama Gazala, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa amekwishachemsha kunde na kumenya boga. Mapafu yalikuwa jikoni yanatokota, yakitoa povu la kijivu na kupiga mluzi kupitia koo la pumzi lililoachwa likining'inia nje ya sufuria.

"Nenda varandani ukaniletee kichwa," akaniambia. "Kiko kwenye friji. Nilikinunua Alhamisi kabla watu hawajajazana."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Friji ya varandani ni ile kuukuu aliyokuwa akiwekea vitu vya sikukuu tu. Nilipofungua mlango taa haikuwaka. Chini kulikuwa na maji ya rangi ya chai. Harufu ilinipiga usoni, nzito, tamu kwa namna mbaya. Nilibeba ule mfuko kwa vidole viwili, uso wangu nimeugeuzia barabarani. Nilipouweka kwenye meza ya jikoni ukatoa sauti ya kitu laini kupita kiasi.

"Mama, kichwa kimeharibika. Friji imekufa."

"Kimeharibika nini?"

"Kimeoza. Kinanuka."

Mama Gazala akafungua mfuko. Ngozi ya shavu ilikuwa imepata rangi ya kijani, na karibu na jicho kulikuwa na ute unaovutika. Akakiinua, akakileta puani, akavuta pumzi ndefu kama anayenusa mrehani. Lakini hakukitazama kichwa. Alinitazama mimi.

"Kinanuka kondoo," akasema. "Ulitaka kinuke nini? Waridi?"

"Mama, naapa."

"Uliapa pia mwaka juzi. Na mwaka ule wa wengu uliojazwa nyama uliapa ukilia. Tehila, njoo umwone mama yako, anataka kututapikia tena."

Tehila alisimama mlangoni, fulana ameivuta hadi puani. Bibi yake akamwambia akacheze sebuleni.

Nikajaribu kukichukua nikakitupe. Akanipiga kofi mkononi, si la utani. Akakisugua kwa siki na chumvi, akakishika kwa koleo juu ya moto wa gesi nywele zilizobaki ziungue. Moshi ulijaa jikoni. Nywele zinazoungua nilishazizoea, lakini chini ya harufu ile kulikuwa na ile nyingine, na moto uliiamsha ikazidi. Nilikwenda chooni nikatapika kimyakimya, bomba nimelifungua ili wasinisikie. Niliporudi kichwa kilikuwa kwenye sufuria, na bizari, pilipili na kichwa kizima cha kitunguu saumu.

Fortuna alikuja adhuhuri na mfuko wa tende na makomamanga. Nilimfungulia mlango mimi. Nilimwona kwa macho yangu: mguu mmoja ndani, mkono ukaruka puani, macho yakamtoka. Halafu akaushusha mkono na kupaza sauti kuelekea jikoni.

"Mmh! Harufu ya sikukuu hiyo, mama!"

Nikamvuta kwenye korido. "Fortuna, umeisikia."

"Nimesikia nini?"

"Umeziba pua."

"Wifi, usinianze leo. Jasho lenyewe halijanikauka."

"Mama anataka kutulisha mzoga na wewe unaniambia nisikuanze?"

Akatazama jikoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, haraka haraka, "Hanusi. Tangu alipoanguka ngazini kwenye sikukuu ya Purimu, mwezi wa tatu, na kugonga kichwa, hasikii harufu ya kitu chochote. Ameunguza sufuria mara mbili akiwa amekaa pembeni yake. Anadhani hatujui."

"Rahmin anajua?"

"Ndiye aliyesema tunyamaze. Mama akijua tunajua, ataacha kupika. Na akiacha kupika, amekwisha. Wewe humjui mama."

"Na kichwa?"

"Weka mdomoni, jifute, tema kwenye leso. Ndivyo tunavyofanya siku mbaya."

"Na yeye je? Yeye atatema wapi?"

Fortuna akainua mabega. "Ikichemka masaa manne hakuna mdudu atakayebaki hai mle."

Kwa miezi sita walikuwa wanatema. Nikakumbuka Jumamosi zote ambazo Rahmin alirudi kutoka kwa mama yake na moja kwa moja akafungua friji yetu.

Nilimpigia simu kazini. Alikuja saa tisa, akaingia jikoni, akambusu mama yake, na rangi ikamtoka usoni. Kwenye varanda akanishika mikono yote miwili.

"Niachie mimi, Henya. Kabla ya kukaa mezani nitakiangusha, nitasema kimeniteleza. Mama atanitukana, yaishe. Usimwambie kitu. Tafadhali, usimharibie sikukuu."

Nikamwachia. Hapo nami nina lawama yangu. Nilimwogesha Tehila, nikavaa, tukawasha mishumaa, na nilipoingia sebuleni kichwa kilikuwa katikati ya meza kwenye sahani kubwa ya maua, midomo imerudi nyuma, meno yote nje, mchuzi mwekundu ukimtiririka mnyama puani.

Nilimtazama Rahmin. Akasogeza midomo bila sauti: sikupata nafasi.

Tulipita kwenye tende, komamanga, kunde, boga, kila kimoja na dua yake. Kisha Rahmin, kama mwanamume wa nyumba, akasema dua ya kichwa, kwamba tuwe kichwa wala tusiwe mkia. Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Mama Gazala akachambua kwa vidole vyake nyama ya shavu, iliyokuwa inaachana yenyewe kama uji ulioganda, akampa kila mtu tonge. La Tehila lilikuwa ncha ya ulimi, maana mdogo wa nyumba ndiye hupewa ulimi. Niliifunika sahani yake kwa kiganja changu. Jicho Mama Gazala akajiwekea mwenyewe, kama kila mwaka. Alilifyonza kwa sauti, akalitafuna, akameza.

Rahmin akaweka tonge mdomoni, akajifuta kwa leso. Fortuna akaweka, akakohoa, akajifuta.

"Kizuri?" Mama Gazala akauliza, macho yakihama kutoka uso huu hadi ule.

"Kitamu mno, mama," Rahmin akasema, leso imejaa ngumini mwake. "Mwaka huu umejipita."

Kufikia hapo nilikuwa nimekwishavumilia ute, mluzi wa mapafu, nywele na moshi. Lakini sikuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama ule mdomo uliosema kitamu. Mdomo safi, umepanguswa vizuri, na mwenyewe anamwangalia mama yake akinyoosha mkono kuchukua tonge la pili.

Nikasimama nikaivuta sahani. Mchuzi ukamwagika kitambaani.

"Mama, usile. Kimeoza. Kila mtu hapa anajua kimeoza."

"Pua ya Poland," Fortuna akaanza, lakini kicheko hakikumfika mdomoni.

"Waambie wafungue leso zao," nikamwambia Mama Gazala.

"Henya, kaa chini," Rahmin akasema.

Mama Gazala akamgeukia mwanawe, akamshika ngumi, akaifungua kidole baada ya kidole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kitu alichookota. Akaikunjua leso. Akaitazama ile nyama ya kijivu yenye alama za meno. Kisha akanyoosha mkono kwa Fortuna, naye akampa ya kwake bila kuambiwa.

"Tangu lini?"

"Leo tu, mama," Rahmin akasema.

Fortuna alikuwa ameanza kulia. "Tangu Purimu," akasema. "Si kila siku. Siku nyingine ni chumvi tu. Kuna zile mafrum za viazi na nyama zilizokuwa na sabuni."

"Zilikuwa na sabuni."

"Kidogo, mama."

Mama Gazala aliziweka leso mbili mezani, akazinyoosha pembe. Aliongea polepole. "Sisikii harufu. Hata ya kichwa cha mtoto huyu nikimkumbatia siisikii. Nikasema basi, nitapika kwa macho yao. Kila nikiweka chakula nawatazama nyuso. Uso ukikunjamana nitajua. Na nyie hamkukunja. Miezi sita nakaa hapa nawatazama, mnanichekea, mnatema." Akamwelekezea Rahmin kidole chenye mchuzi. "Umeniacha nile jicho."

"Tuliogopa kukuumiza, mama."

"Huyu," akasema, akinigeukia mimi, wala hakuwa na upole usoni, "huyu ananitapikia jikoni mwaka nenda mwaka rudi. Sijawahi kumpenda kwa hilo. Lakini matapishi yake si ya uongo."

Chakula kiliishia hapo. Haikupita saa moja na nusu tumbo likamshika Mama Gazala. Nilimkalisha sakafuni pembeni ya choo, nikamshikilia paji la uso. Vilitoka vyote: jicho, kunde, mchuzi mwekundu, na baada yake maji ya njano yenye uchungu. Vilimtoka juu na chini, na alikuwa akiomba radhi kila alipopata pumzi. Nilimvua nguo nikamwosha. Tehila nilimtuma ghorofa ya chini kwa Bi Orna, muuguzi mstaafu, akaja na unga wa kurudisha maji mwilini, akampima mapigo, akasema kama hatakojoa kufikia asubuhi itaitwa gari, sikukuu au si sikukuu.

Rahmin alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni pa choo, hakuvuka kizingiti. Na alikuwa ameziba pua.

"Nikusaidie?" akauliza kupitia vidole.

Nilimwambia afunge mlango.

Mama Gazala alikojoa asubuhi. Siku ya pili mchana aliweza kunywa chai na kula kipande cha mkate, na sauti ilipomrudi, amri ya kwanza ilikuwa kwa mwanawe: sufuria ile, na kichwa, na mapafu, na sahani ya maua, vyote vishuke ghorofa nne mpaka kwenye mapipa. Alimtaka abebe kwa mikono, kifuniko wazi. Tulimsikia akijikaza asitapike kila alipofika kwenye kona ya ngazi. Mama Gazala alikaa kitini akisikiliza, kikombe mkononi.

Katika siku zile kumi za kuombana msamaha zinazoanza na Mwaka Mpya, Fortuna alikwenda kwake kila jioni, na siku ya sita akasamehewa. Rahmin aliambiwa, "Bado. Ikiwa tayari nitakuita mwenyewe." Alimwita saa chache kabla ya mfungo unaozimaliza siku hizo. Sijui walichoambiana, alirudi macho mekundu.

Kwa Sikukuu ya Vibanda mama mkwe alinitaka mimi jikoni. Ananiletea kijiko puani, mimi nasema. Nikisema bizari imezidi ananuna, ananiambia kwetu Poland hawajui bizari, kisha anaongeza maji. Tumegombana sana. Nyama bado naishika kwa vidole viwili, na anaona, na ananitukana kwa hilo pia. Friji ya varandani imeondolewa.

Rahmin nami nilimsamehe kwa mdomo, jioni ya kuamkia kufunga, kwa sababu siku ile inadai. Mwili haukusikia. Aliponigusa bega nilisogea. Akinibusu nilifunga midomo, na baadaye nilikwenda kusukutua kwa maji bafuni. Yeye alidhani ni kichwa cha kondoo ndicho bado kinanirudia kooni, akaniletea majani ya nanaa, akanichemshia chai. Nilimwacha adhani hivyo siku tatu. Siku ya nne Tehila alipokwenda shule nilimkalisha, nikamwambia kinachonitia kinyaa si kondoo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaimwaga ile chai ya nanaa kwenye sinki.