Hyasinti Alima kwa Erasmo

Hyasinti alitoka gerezani kwa mara ya tatu akiwa na usemi mpya: "Nimepata maana ya maisha." Aliusema stendi ya Mbinga, akamwambia bodaboda aliyempandisha kijijini Namswea, akausema tena kanisani Jumapili, mpaka padri akamwomba akae ili misa iendelee.

Namswea haikushtuka. Kifungo cha kwanza kilimrudisha mtakatifu, cha pili kikamrudisha seremala. Utakatifu na useremala vyote viliishia kilabuni, ngumi ikiwa usoni mwa mtu.

"Gerezani alikuja mtaalamu," alimweleza dada yake Veneranda, aliyekuwa akipepeta maharage. "Hasira ikija usiifuate. Vuta pumzi, itazame inavyopita."

"Ehe. Na mkono wa Erasmo, nao tuutazame upite?"

Erasmo ni jirani ambaye Hyasinti, kabla ya kifungo hiki, alimpiga rungu kwa ajili ya utani tu. Mkono uliunga vibaya, ukapinda, na jembe ukalishindwa.

"Shamba lake limekuwa pori," Veneranda akaendelea. "Hiyo maana yako, kama ni kubwa hivyo, ipeleke ikalime."

Alisema ili amfunge mdomo tu. Asubuhi Hyasinti akaenda.

"Umefuata mkono wa pili?" Erasmo aliuliza akiwa mlangoni.

"Nimekuja kulima."

Erasmo alicheka mpaka akakohoa. Akabeba kigoda, akakaa juu ya mteremko. "Lima. Kazi ya bure umeizoea."

Hyasinti akafyeka majani, akayalaza kwa miraba kama wanaume wanavyofanya. Kufukia majani kwa udongo na kuchimba ngoro, mashimo ya kuzuia maji ya mvua mteremkoni, ni kazi ya wanawake, naye hakuwa na mke. Akachimba mwenyewe.

Wanawake waliopita njiani wakapiga vigelegele. "Jamani, Erasmo ameoa!"

Joto likampanda Hyasinti shingoni. Akavuta pumzi, akavuta tena, akihema kama fahali. Hasira haikupita. Ilikaa palepale, nayo shimo likazidi kwenda chini.

"Hiyo ni ngoro au kaburi?" Erasmo akauliza.

Hyasinti akatupa jembe, akapanda mteremko mbiombio. Erasmo aliinuka, kigoda kikaanguka, na ule mkono uliopinda akauficha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeona fimbo.

Hyasinti akauona. Akakaa kwenye udongo.

"Nionyeshe inavyochimbwa," akasema.

"Mimi sikusamehe."

"Sijaomba."

Erasmo akashuka kwa hadhari, akachora mstari kwa kidole cha mguu. "Ishia hapa, mjinga wewe. Maji ya mvua yatuame, yasibomoe."

Kesho yake Hyasinti alirudi, na keshokutwa yake. Matusi ya Erasmo nayo yalikuwepo kila siku, mapya. Siku nyingine aliacha jembe, akaenda kusimama mtoni mpaka ngumi zifunguke, kisha akarudi.

Maharage yalipokomaa, Erasmo aling'oa kwa mkono mmoja, akiwatangazia wapita njia kwamba ngoro mbovu kama hizo hazijapata kuonekana Umatengo nzima. Hyasinti alikuwa mstari wa chini yake. Aling'oa kimya, mishipa ya shingo imemtoka.