Mgongo Tu

Kwenye sinema za ngumi mimi ni mtu wa kufa. Nyota hajavua hata miwani, nishakula teke la shingo, chali. Kazini wakaniita Marehemu, nami naitika.

Mdogo wangu, Paka, alinizidi cheo: alikuwa mwili wa nyota. Nyota mwenyewe, mweupe kama mshumaa, alikaa kivulini. Paka akavalishwa wigi la dhahabu na glavu, akaruka, akapigana, akaanguka. Sharti lilikuwa moja: uso wake usionekane.

Nyumbani mama aliikodolea macho televisheni. "Uko wapi hapo?"

"Huo mgongo, mama."

"Mgongo nimeuogesha mwenyewe. Mimi nataka uso! Mbona kakako anaonekana?"

"Dawa ni kufa, mama," nikadakia. "Sisi tukikata roho ndipo kamera inasogea."

Tukacheka hadi mbavu zikauma.

Siku ya kuanguka kutoka ghorofani, chini tulipanga maboksi na magodoro. Mwongozaji akamkumbusha Paka: kidevu kifuani, uso ukutani.

Paka akaninong'oneza, "Kaka, leo mama ataniona. Nitageuka kidogo tu."

"Geuka ufukuzwe, uje ufe na mimi huku chini."

Nilidhani utani. Kwetu utani ndiyo salamu.

Aligeuka. Nilimwona hewani akiitabasamia kamera kama bibi harusi. Lakini shingo iliyogeuka haijui kupokea mwili. Maboksi yalilia kama kawaida yake. Paka hakulia.

"Safi!" mwongozaji akapaza sauti. "Hiyo haturudii!"

Sinema ilipotoka, tuliiweka televisheni miguuni pa kitanda, maana Paka hageuki tena. Kuanzia shingoni kushuka hasikii kitu. Pale pa kuanguka palipofika, mama akamshika mkono, ingawa mkono wenyewe haujui umeshikwa. Wigi likapepea, kichwa kikageuka, tabasamu likatoka. La nyota. Walikuwa wamembandika Paka uso wa nyota kwa kompyuta.

Mara nikaja mimi, maiti, macho yametoka, nimejaa kioo kizima.

"Uko wapi hapo?" mama akamuuliza Paka taratibu.

"Nimeshapita, mama."

Mama akazima. Akalowesha kitambaa, akamfuta Paka paji, mashavu, kidevu, kama anavyomfuta kila asubuhi, ila safari hii hakuwa na haraka.